Jaji wa Tatu na Mtama wa Nungunungu

Paukwa! Mbona mnaitika kama mnadaiwa? Paukwa! Pakawa! Haya, sasa nimewasikia.

"Madebe arobaini," alikuwa anasema Nungunungu. "Si thelathini na tisa. Arobaini ya mtama, na nimeyabeba kwa mgongo huu huu."

"Mama, tumekwisha kusikia," akasema Kima, wakili. "Keti."

"Siketi."

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mahakama juu ya kichuguu, Ngawa alifungua ghala. Akatangaza: leteni debe moja, msimu ujao mchukue mawili. Wa kwanza wakaleta, wakalipwa mawili, wakacheza ngoma. Hawakujua wanalipwa mtama wa waliokuja nyuma. Nungunungu alikuja nyuma. Alipeleka akiba yote, chakula cha wanawe cha kiangazi. Siku ya kuchukua akakuta ghala tupu. Ngawa akasema panya wamekula mtama wote, hata yeye hana punje. Nungunungu akamshitaki.

Ngawa akamchukua Kima amtetee. Na Kima hakumtetea hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kumchokoza jaji. Maana desturi yao ilikuwa hivi: jaji akifoka, anashuka kichuguuni, na kesi inaanza upya. Jaji wa kwanza, Ngiri, aliambiwa ananuka matope. Akafoka. Akashuka. Wa pili, Mbuni, akaulizwa kama kweli ni ndege, mbona haruki. Akafoka. Akashuka. Kesi inaanza, inaanza tena, na kiangazi kimeingia, na watoto wa Nungunungu wanatafuna mizizi.

Sasa alikuwa amekaa Nyati. Nyati huyu, nzi akitua puani mwake huvunja mti. Kima akasugua mikono.

Nungunungu akatikisa miiba, chakacha-chakacha. Akasema mbele ya wote, maana hakuwa wa kunong'ona na jaji pembeni: "Mheshimiwa, huyu hamtetei mwizi. Anakushitaki wewe. Ukifoka, wanangu wanalala njaa."

"Nimesikia," akasema Nyati. "Na wewe ukitikisa miiba tena, nakutoa nje."

Neno hilo lilimchoma Nungunungu. Lakini Nyati alilisema polepole, naye akaliona hilo, akaketi.

Nyati akaomba kibuyu cha maji. Akapiga funda. Hakumeza. Akampa Kima ishara aendelee.

Kima akaanza matusi kwa pembe za Nyati. Akaingia kwenye mkia. Akafika kwa mama yake Nyati, akakaa huko muda mrefu. Nyati akapumua kwa pua, fuuu, fuuu. Macho yakawa mekundu. Maji yakabaki mdomoni. Nungunungu alishika miiba yake kwa mikono miwili isilie. Jua likapanda. Kima akarudia lile la mkia, hakuna aliyecheka.

Nyati akameza, gudu. "Wakili, mkia wangu tumeumaliza. Sasa nieleze habari za mtama."

Kima akarudi kwenye pembe. Habari za mtama hakuwa nazo. Ngawa akashindwa kuvumilia, akaruka: "Nimekulipa madebe sita umshushe huyu, na bado amekaa!"

Nyati hakupaza sauti.

"Hayo sita umeyatoa ghala gani, ndugu, nawe huna hata punje?"

Kima akatazama mawingu. Wazee wa baraza wakaenda nyumbani kwa Ngawa, wakachimba chini ya kitanda chake, na mtama ukamwagika, shwaaa. Nyati akaamua kila asiyelipwa alipwe alichopeleka. Ngawa akaanza kubembeleza: wangojee msimu ujao, atawapa mara mbili.

Funzo nalisema wazi. Jaji anayejibu matusi anamsaidia mwizi. Na anayedai haki yake asirudi nyumbani na ahadi.

Hadithi yangu mimi imefika mwisho. Nungunungu bado yuko mlangoni kwa Ngawa.

"Mara mbili sitaki," anasema. "Nataka arobaini yangu. Pima."