Kichwa cha Kikoa

Hapo zamani, kabla bibi yake bibi yangu hajatobolewa masikio, palikuwa na miji saba ya wafanyabiashara iliyochoka kuibiana. Mji huu ukipeleka chumvi, mji ule unaipora njiani. Ule ukileta nguo, huu unaziteka. Basi wazee wao wakakaa wakasema, "Jamani, si tule kikoa tu?"

Kula kikoa mnakujua: leo napika mimi, kesho wapika wewe, na sote twala chungu kimoja. Ikawa hivyo katika biashara. Misafara ikaenda pamoja, mizani ikawa moja, na anayempiga mmoja kawapiga wote. Hawakuandikiana chochote. Aliyetaka kuingia alitia mkono chunguni akala, basi, keshakuwa mwenzao kwa heri na kwa shari. Wakaitwa Miji ya Kikoa.

Mkubwa ndiye hawakumweka. Nani angekubali mwenzake awe juu? Hata kukaa mkekani waligombana nani atangulie, mpaka wali ukapoa.

Sasa, katika mji wa Sultani Zaharani walikuwa na nyumba yao, na mpishi wao alikuwa Shee Mapengo, mtu wa kichwa kidogo, hana meno wala hana kanzu ya pili.

Siku moja mfanyabiashara wa Kikoa akamuuzia Sultani kilemba cha hariri, akaapa hakina mfano chini ya jua. Chini ya jua, kweli. Siku ya Idi Sultani akatoka kwa ngoma na siwa, mvua ikashuka. Kilemba kikaanza kurudi. Kikarudi, kikarudi, hata kikamkaa utosini kama kikombe cha kahawa! Watu wakauma kanga zao wasicheke. Akatafutwa muuzaji. Kilemba kilirudi, muuzaji hakurudi.

Sultani akawaka moto, akawatia ndani wafanyabiashara wote wa Kikoa. Shee akaachwa nje awapikie.

"Si mwasema ninyi chungu kimoja?" Sultani akanguruma. "Basi mmoja wenu akikosa, wote mmekosa! Nataka kichwa cha Kikoa, kiletwe hapa juu ya sinia, Ijumaa baada ya swala. Kisipoletwa, nitakata cha mpishi, maana ndicho kilicho karibu."

Shee mbio hadi dirisha la gereza. "Mabwana zangu, mkubwa wenu ni nani?"

Lo! Wale wale waliogombea mkeka, leo adabu imewajaa.

"Tangulia wewe, bwana."

"La, hasha! Wewe ndiwe mkubwa wangu."

"Mimi lazima kwanza nikaulize mjini kwetu."

"Na mimi vilevile. Lakini Shee, leo wapika nini?"

Shee akajipapasa shingo. Ilikuwa nyembamba, lakini alikuwa ameizoea. Akaenda zake jikoni, akakaa akakitazama kile chungu kikubwa cha Kikoa. Mara akacheka peke yake, akachukua kikapu kwenda sokoni kutafuta samaki.

Ijumaa ikafika. Sultani katoka msikitini, njaa inamkwaruza tumbo. Shee akaingia na sinia kichwani, limefunikwa kawa.

"Umekileta?"

"Nimekileta, bwana wangu. Kingali moto."

Waziri akafumba macho. Sultani akafunua kawa: kichwa cha chewa, kikubwa, kimetulia katika mchuzi wa nazi na ukwaju, kimekodoa macho.

"Ewe mjinga! Hiki ni kichwa cha samaki!"

"Ni kichwa cha Kikoa, bwana. Kimetoka katika chungu chao. Kingine hawana, nimewauliza. Kama bwana ana shaka, na aonje."

Sultani akafungua kinywa amwite mwenye upanga, lakini harufu ya nazi ikamwingia kwanza. Akachovya kidole. Akarudia. Akavunja shavu la samaki, akala. Hata alipokumbuka hasira yake, sinia lilikuwa na mifupa mitupu, na mchuzi umemfika kiwikoni.

Shee akampa maji ya kunawa, kisha akampa mkono. "Hongera, bwana wangu. Sasa umo."

"Nimo wapi?"

"Katika Kikoa. Aliyekula chunguni mwao ni mwenzao, ndiyo sheria yao. Na bwana amesema kwa kinywa chake, mmoja akikosa wote wamekosa. Basi kilemba kile umejiuzia mwenyewe. Twende gerezani, wenzio wanangoja. Pale mlangoni pana upepo, ila itabidi ugombee."

Waziri akajitia kikohozi. Sultani akamtazama Shee, akaitazama mifupa, kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka hata akateleza kitini.

"Wafungueni! Nisije nikalala nao mimi!"

"Ahsante, bwana," akasema Shee. "Bado neno moja dogo. Kikoa ni zamu. Leo wametoa wao."

"Na kesho?"

"Kesho wapika wewe."

Basi kesho yake Sultani Zaharani akachutama jikoni, machozi ya moshi yakimchuruzika. Wali ukaungua, na mabwana wa Kikoa wakaula wakiusifu. Kilipotoka kichwa cha samaki, wote wakanyoosha mikono, kila mmoja akidai ni chake. Sultani akawapiga mwiko wa vidoleni, akakisogeza kwa Shee, na juu yake akamvika kile kilemba kilichorudi.

Kikamkaa sawasawa. Shee hakushukuru kwa maneno, maana alikuwa akifyonza mfupa, na mtu asiye na meno akianza kichwa cha chewa, mwacheni amalize.