Nani Amwite Nyamizi?

Sogeeni, sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye simu aizime. Mwisho wa hadithi hii nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie, "Hebu rudia pale mwanzo." Mimi sirudii.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Hatibu wa Pemba alijaliwa sikio: alisikia hata kile ambacho watu wameacha kukisema. Odette wa Bujumbura alijaliwa mikono: kitu kikivurugika, yeye akikishika kinatulia. Nafula wa Bungoma alijaliwa ulimi, na ulimi wenyewe, jamani, acheni tu! Katikati yao alikuwepo wa nne, Nyamizi wa Tabora, na hadithi ni yake huyo. Yeye alijaliwa nini? Alijaliwa bibi.

Bibi ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, na bibi huyo alikuwa na sauti. Siku Nyamizi anapewa zawadi ya kidato cha nne, bibi alisimama katikati ya wageni akaita, "Nyamizi weee!" mpaka mgeni rasmi akaangusha miwani. Nyamizi aliona aibu siku ile, akainamisha uso. Mtoto ni mtoto.

Akakua, akasoma, akapata ufadhili wa kwenda kusomea shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa, katika chuo cha mji mmoja wa kaskazini, mji wa baridi kali, ambako jua huchomoza kama limelazimishwa. Chuo kile kilikuwa na mila yake. Siku ya kwanza kila mwanafunzi hupewa nchi isiyo yake, na tangu hapo huitwa kwa jina la nchi hiyo. Akiongea darasani anaongea kama nchi, akikosea imekosea nchi.

"Mwanadiplomasia hajisemei mwenyewe," Mkuu wa kitivo aliwaambia, mzee mkavu asiyejua kutabasamu. "Majina yenu yaacheni mlangoni. Mtarudishiwa siku ya mahafali."

Nyamizi akapewa Urugwai. Mwanzoni alicheka. Darasani, Urugwai. Maktaba, Urugwai. Akipishana na wenzake kwenye ngazi, "Habari za asubuhi, Urugwai." Majani yakapukutika, theluji ikaanguka, na hakuna kinywa hata kimoja katika mji ule kilichowahi kumwita jina lake. Alirudi bwenini, akapika chai, akainywa akitazama dirisha. Usidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa na adabu zao, wanakusalimia vizuri, kisha mlango unafungwa.

Kinywa kilichobaki kumwita kilikuwa Tabora. Kila Jumamosi bibi alipiga simu, na kwa vile hakuamini kwamba simu inaweza kufika mbali hivyo bila kusaidiwa, alipiga kelele. "Nyamizi weee! Umekula?" Chumba kizima kilijaa. Nyamizi aliishi kwa Jumamosi hizo.

Kisha Jumamosi moja akapiga mjomba. Bibi ameondoka.

Kwenda kuzika haikuwezekana. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu, akitoka, harudi. Nyamizi akakaa kitandani na koti lake, akaambiwa kwa simu kwamba sasa wanatoka nyumbani, sasa wamefika makaburini, sasa wamemaliza. Hapakuwa na mtu wa kumwambia pole. Angemwambia nani? Nani anajua kwamba Urugwai ana bibi? Akajifungia ndani, akaacha darasa, akaacha kula, akaacha hata kulia. Na kikao kikuu kilikuwa kinakaribia, ule mjadala wa mwisho ambamo nchi zote hukaa meza moja kuandika mkataba. Atakayeacha kiti kitupu hapati shahada, na ufadhili wake haukuwa wa kungoja mwaka mwingine. Angerudi Tabora mikono mitupu, tena kwenye nyumba ambayo bibi hayumo.

Sasa shikeni hapa. Hatibu alisomea uhandisi, chumba chake kilipakana na cha Nyamizi. Alikuwa mtu wa haya. Walipishana tangu mwanzo wa mwaka bila kuzungumza. Lakini ukuta ulikuwa mwembamba, na kila Jumamosi alisikia ile sauti ikiita. Jumamosi hiyo hakuisikia, wala iliyofuata. Sufuria haikugonga jiko, bomba halikufunguliwa. Hatibu akapiga moyo konde, akabisha hodi.

"Nyamizi," akaita. "Mimi jirani yako. Yule bibi mbona hapigi tena?"

Mlango haukufunguka. Hatibu akaketi chini ya mlango, kwenye baridi ya ukumbini, akaanza kuongea. Akaeleza habari za karafuu, za paka wa mama yake anayeiba samaki, mambo ya kipuuzi tu. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, hata mtihani wake mmoja ukampita akiwa pale chini. Mwisho mlango ukafunguka. Nyamizi alikuwa amekonda, midomo imekauka.

"Umeniitaje?" akauliza.

"Nyamizi. Si ndivyo anavyokuita bibi?"

Hapo ndipo alipoketi kizingitini, akamwambia kwamba bibi amefariki.

Hatibu akakimbia ghorofani kumwita Odette. Odette alikuwa amewazidi umri, anasomea uzamivu, ana watoto aliowaacha kwa dada yake, na muda wake wa kuwasilisha kazi ulikuwa umemkaba koo. Aliposikia msiba aliifunga kompyuta, akashuka. Hakuuliza maswali. Aliingia jiko la bweni, akasukuma meza ukutani, akatoa viti vyote nje, akatandika mablanketi sakafuni, akamketisha Nyamizi na kumfunga kanga kiunoni. Kila mwanafunzi aliyeingia kuchemsha maji aliambiwa, "Vua viatu, kaa. Hapa kuna msiba."

Wakakaa, Mkorea, Mchile, ndugu wawili wa Georgia, wakitazamana.

"Tufanye nini?" Mchile akanong'ona.

"Kaeni tu," Odette akasema. "Matangani watu wanakaa."

Akasonga ugali, akamlisha Nyamizi kwa mkono wake, tonge kwa tonge, kama mtoto. Kisha akamwambia, "Sasa mdogo wangu, tuambie. Alikuwa mtu wa namna gani?" Nyamizi akafungua kinywa kueleza habari za miwani ya mgeni rasmi, akacheka, na kicheko hakikufika mwisho, kikageuka kilio. Alilia kile kilio alichokuwa amekifungia. Odette alimshika wala hakumnyamazisha. Siku zote za matanga jiko lile halikuwa na viti, na Odette hakupanda ghorofani kugusa kazi yake.

Lakini asubuhi ya kikao kikuu Nyamizi alikuwa bado hawezi kusimama. Nchi zote zimeketi, kiti cha Urugwai kitupu. Mkuu anatazama saa. Nafula, aliyesoma darasa moja na Nyamizi na kusikia habari za matanga, ndiye aliyepewa Ureno, na katika ule mkataba wa samaki wa bahari kuu Ureno na Urugwai walikuwa mahasimu. Nafula na Nyamizi wenyewe hawakupendana sana. Mwaka mzima walibishana kama wake wenza. Na wote darasani walijua kwamba nishani ya mnenaji bora ni ya Nafula. Hotuba yake ya kufunga alikuwa ameiandaa tangu theluji ya kwanza, baba yake Bungoma amekwisha kukiambia kijiji kizima.

Meza ile ina sheria moja: nchi yoyote inaweza kusimamisha kikao kwa juma moja, ila ikishafanya hivyo haiongei tena mpaka mwisho. Hakuna aliyewahi kuitumia. Mpumbavu gani ajizibe mdomo?

Nafula akanyoosha mkono.

"Ureno inasimamisha kikao," akasema. "Mwenzetu amefiwa."

"Ureno inaelewa itakachopoteza?" Mkuu akauliza.

"Inaelewa. Aki, hebu andika tu kabla sijabadili mawazo."

Juma likapita, Nyamizi akarudi kitini, akaongea, mkataba ukaandikwa, shahada akapata. Nafula alikaa mbele yake kimya, mikono juu ya meza. Nishani ikaenda kwa mwingine.

Mngesema hadithi imeisha, sivyo? Ngojeni. Yapo mahafali.

Siku hiyo Mkuu huita nchi, na mwanafunzi hupanda jukwaani. Kisha Mkuu huuliza ukumbi, "Nani anamjua huyu?" Mwanafunzi humwinamia kichwa mtu mmoja, na mtu huyo husimama na kumwita jina lake halisi kwa sauti. Hapo ndipo amerudishiwa jina. Ni mtu mmoja tu. Wakiita wawili hesabu hakuna aliyeita, na mwanafunzi anashuka na nchi yake, cheti atatumiwa kwa posta. Wengi huitwa na mama zao. Nyamizi alikuwa amempangia bibi. Hata picha ya pasipoti bibi alikuwa ameshapiga.

Siku moja kabla, Nyamizi aliwakusanya watatu jikoni, akawaambia hajui la kufanya.

"Mimi? Hata," Hatibu akasema. "Mchague dada Odette."

"Asante, nitafanya," Odette akajibu papo hapo.

Hatibu akageuka kumtazama. Kisha akasema polepole, "Ila jina lenyewe mlilisikia kwangu. Wallahi, bila mimi mngekuta maiti."

"Ulibisha hodi ukamwona," Odette akasema. "Kumwona si kumwinua. Nani alimlisha? Nani alikaa naye akalia?"

"Sasa nyinyi," Nafula akadakia, "angelishwa, angelia, halafu angepanda ndege bila shahada. Hiyo sherehe ya kesho mnadhani imetoka wapi? Mimi nilinyamaza, mimi, Nafula! Kesho nipeni neno moja tu la kusema."

Nyamizi alijaribu yote aliyosomea. Akapendekeza waite pamoja, mila hairuhusu. Akapendekeza wapige kura ya bahati, Odette akasimama, akasema matanga yake hayachezewi kamari. Akaenda kumwomba Mkuu amruhusu kujiita mwenyewe. Mkuu akamtazama, na safari hii alionekana kumwonea huruma. "Urugwai, miaka yote nimewafundisha nini? Nchi haijitambui yenyewe. Hutambuliwa na wengine."

Basi, mahafali yakafika. Ukumbi umejaa. Hatibu kakaa mbele karibu na mlango, Odette katikati, Nafula kule nyuma kabisa na baba yake aliyetoka Bungoma. Hawakukaa pamoja, na Nyamizi aliliona hilo kabla hajaona kitu kingine. Alipokuja mji huu hakuwa na mtu. Sasa anao watatu, na akimwinamia mmoja atawaumiza wawili, tena wawili ambao bila wao asingekuwa pale juu.

"Urugwai!"

Akapanda.

"Nani anamjua huyu?"

Nyamizi akasubiri. Nitawaambia alichokuwa akisubiri, ingawa yeye hakumwambia mtu: alikuwa akisubiri sauti ipasuke kutoka nyuma, "Nyamizi weee!" na miwani ya Mkuu ianguke. Safari hii asingeinamisha uso. Akasubiri mpaka Mkuu akakohoa.

Haikuja. Walikuwepo wale watatu tu, kila mmoja amekaa ukingoni mwa kiti, jina la Nyamizi liko mdomoni.

Mimi naishia hapa, msinivute shati. Aliyesikia kimya chake, aliyekaa naye chini, aliyenyamaza ili yeye aongee. Shingo ya Nyamizi imeanza kugeuka. Haya, wewe uliyekaa hapo unanitazama: ungekuwa ndiye, ungemwinamia nani? Na wale wawili, ukishuka, ungewaambia nini?