Nyumba Isiyo na Mpangaji

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, halmashauri ilipokuwa imeshapata jengo la vioo ila mitaro bado, palikuwa na msusi aitwaye Tausi. Alipanga chumba cha uani kwa mjane mmoja, Bi Mwanamkuu. Nyumba ilikuwa ya udongo, imepigwa lipu mbele kwa ajili ya wapita njia. Nyuma hapakupigwa kitu, na ukuta wa jikoni ulikuwa umetoa tumbo.

Siku moja gari la matangazo likapita. Kila mwenye nyumba ya kupangisha ajiandikishe halmashauri! Nyumba itakaguliwa. Ikiwa mbovu, itafungwa mpaka itengenezwe. Mpangaji akiumizwa na ubovu huo, mwenye nyumba atamtunza. Nyumba ya familia haihusiki.

Bi Mwanamkuu akaketi barazani, mikono kichwani. "Wakifunga, nitakula nini?"

Na Tausi akawaza, wakifunga, nitalala wapi? Wateja wake wote walikuwa mtaa ule.

Kibwana, fundi viatu wa chumba cha mbele, mtu wa maneno mengi, akacheka. "Mama, kwani hapa kuna mpangaji? Mimi mpwa wako. Tausi mwanao wa kumzaa. Nani atatupima damu?"

Basi wakagawana udugu kama watu wanavyogawana nyama ya arusi. Kibwana akakariri jina la babu yake mpya. Tausi akazoea kusema "shikamoo mama" bila kucheka.

Afisa akaja, Bwana Mbelwa, kalamu sikioni. Akakuta wali wa nazi umeiva. Akala.

"Mbona watu wa nyumba hii hawafanani?" akauliza, akichambua samaki.

"Tumefuata upande wa baba," akasema Kibwana.

"Mpwa na binti, baba mmoja?"

"Ongeza mchuzi, bwana afisa."

Bwana Mbelwa akacheka, akaongeza mchuzi, kisha akamgeukia Tausi. "Wewe, dada. Huyu bibi ni nani wako?"

Angeweza kusema kweli. Badala yake akasema, "Mama yangu mzazi." Akaona afisa bado anamtazama, hofu ikamzidi, akaongeza, "Sina mwingine."

Afisa akaenda uani kunawa. Akaugusa ukuta kwa kidole kimoja. Udongo ukamwagikia kiatu chake. Akautazama ukuta, akafuta kiatu. "Shangazi, wali wako mtamu," akasema. Akaandika: nyumba ya familia.

Wakapongezana. Kibwana akaitwa mwerevu siku nzima.

Masika yakaja. Asubuhi moja Tausi alikuwa anapepea mkaa, ukuta ukamwangukia mkono wa kulia. Hospitali waliuokoa mkono, lakini vidole vikagoma kukunjika. Na msusi asiyekunja vidole ni msusi gani?

Mama yake wa kweli, Bi Chausiku, akaja kutoka Handeni kumwuguza. Wakaenda wote baraza la kata, Bwana Mbelwa naye akaitwa. Mwenyekiti, mwanamke asiyependa kuzungushwa, akasema, "Binti huyu hawezi kujilisha. Mmoja wenu lazima amtunze. Semeni."

Bi Mwanamkuu akasema, "Mimi sijamkana. Nilimwita mwanangu, na arudi nyumbani, ale ninachokula. Lakini mwana hamshtaki mamaye. Na kodi ya chumba, mwanangu, iko palepale."

Watu wakaguna.

Kibwana akasema, "Mimi nilitoa maneno tu. Bila maneno yale tungefukuzwa sote. Mlinisifu, mkaniwekea ukoko wa wali. Leo ukuta umeanguka, maneno yamekuwa matofali?"

Watu wakaguna.

Bwana Mbelwa akasema, "Niliandika nilichoambiwa. Kazi yangu ni nyumba za kupangisha. Ile iliitwa ya familia. Na binti mwenyewe nilimwuliza. Alisema huyu ndiye mama yake mzazi, na kwamba hana mwingine."

Safari hii hakuguna mtu. Bi Chausiku, aliyekuwa ameushikilia ule mkono mapajani tangu asubuhi, akauweka polepole kwenye benchi.

"Alisema hivyo?"

Tausi akataka kumweleza habari za gari la matangazo, za chumba, za wateja. Kila neno alilolishika likawa dogo. "Nilisema, mama."

"Basi mheshimiwa," Bi Chausiku akamwambia mwenyekiti, "mimi nimeitwa hapa kama nani?"

Mwenyekiti akafunga faili lake. Akasema hukumu atatoa baada ya kula, akatoka. Nao wakabaki benchi moja, kila mmoja akitazama mlango, na hakuna aliyemsogelea Tausi.

Sasa nawageukia ninyi mnaonisikiliza. Yuko aliyejua nyumba yake ni mbovu akalilia tonge lake. Yuko aliyeubuni uongo akalamba ukoko wake. Yuko aliyeugusa ukuta kwa kidole akafuta kiatu. Yuko aliyezaa, akakanwa. Na yuko Tausi mwenyewe, aliyeulizwa kwa kinywa akajibu kwa kinywa. Msinijibu "wote", hilo ni jibu la wasiotaka kutoa kitu. Jioni hii atakula kwa mmoja, au hatakula.

Je, ni nani anayepaswa kumlisha?