Poda Juu ya Injini

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa maharage. Zawena alimwambia mumewe asogeze pikapu, maana ilikuwa imekaa penye jua naye alitaka kuanika. Shekiondo akaipeleka ua wa nyuma. Aliporudi, funguo zikiwa bado mkononi, alimkuta mkewe amelala juu ya jamvi, maharage nusu kwenye ungo, nusu chini. Alikuwa ameshakata roho.

Watu wa mji ule wa milimani wakaja kuzika. Shekiondo alikuwa mpima ardhi mstaafu, msomi wa chuo kikuu, mtu wa kipimo katika kila jambo. Alipokea wageni. Alielekeza majamvi yatandikwe wapi. Alitia udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Hakulia, na watu wakamsifu.

"Mwanamume yule," walisema, "hata jicho halikulowa."

Mtu mmoja hakufika mazikoni, naye ni mama yake Zawena. Bibi huyu aliishi ng'ambo ya mlima, na miguu yake ilikuwa haiwezi tena mteremko ule. Gari pekee lililopita njia ile lilikuwa pikapu kuukuu ya Shekiondo. Bibi akatuma ujumbe: "Mwambieni mkwe wangu anifikishe kwenye kaburi la mwanangu kabla sijamfuata."

Shekiondo akajibu kwamba atakwenda kumchukua.

Lakini tangu msiba, pikapu ilikuwa imeanza kuvuja oili. Kila ilipowashwa iliacha dimbwi. Kwa mlima ule, injini ingekauka kabla ya kufika kileleni. Fundi Hiza akabadilisha sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, ikavuja. Akabadilisha sili ya mbele na gasketi ya juu, ikavuja zaidi.

"Mzee, hii injini ni marehemu," fundi akasema. "Tuishushe, tuizike, tutafute nyingine." Kisha akakumbuka anazungumza na nani. Akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Nisamehe, Mzee. Mdomo wangu huu."

"Nyingine itapatikana lini?"

"Baada ya mvua, barabara ya kushuka bondeni ikifunguka."

"Bibi hatafikia mwisho wa mvua," alisema Shekiondo. "Sikiliza, Hiza. Maji ukiyaona bondeni, chanzo chake kiko juu. Sisi tunahangaika chini kwa sababu dimbwi liko chini. Tuioshe injini yote, tuipake poda, tuiwashe. Mahali pa kwanza kulowa ndipo inapovujia."

"Poda? Mzee, umeniletea gari au mtoto mchanga?"

"Mwogeshe kwanza, ndipo umpake."

Wakaiosha kwa mafuta ya taa, kila kona, mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Wakaikausha kwa matambara, wakaipulizia poda mpaka ikawa nyeupe yote, kama kitu kilichotoka kutengenezwa leo. Hiza akaiwasha. Wakainama juu yake, mmoja huku, mmoja kule.

Shekiondo alitarajia mstari mmoja wa oili. Maisha yake yote alikuwa ametafuta mahali jambo linapoanzia, akapigilia vigingi hapo.

Mstari haukuja. Kwanza lilitokea doa dogo kwenye ungio la juu. Kisha jingine upande wa mbele, mbali kabisa na la kwanza. Kisha ubavuni. Kisha pande zote. Hapakuwa na tundu wala ufa. Injini nzima ilikuwa ikitoa jasho juu ya weupe ule, polepole, punje kwa punje, kama umande unavyojitokeza kwenye majani ya kabichi bila mtu kuona umetoka wapi. Kila punje ilitetemeka kwa mtikisiko wa injini na kung'aa.

Hiza, aliyekuwa amefungua injini tangu ujana wake, hakuwahi kuona kitu cha namna ile.

"Hakuna palipopasuka," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Basi inasukumwa na nini?"

Hiza akanyoosha mkono, akalegeza kifuniko cha kujazia oili. Kifuniko kikamruka mkononi. Pumzi ya moto ikatoka kwa kishindo, ikapeperusha poda, ikawapaka nyuso zote mbili. Na hapo mngurumo wa injini ukabadilika. Ukashuka, ukatulia, kama mtu aliyetua mzigo.

Walipofumbua macho, jasho lilikuwa limekoma. Punje zilizokwisha kutoka zilibaki pale pale zilipokuwa. Mpya haikutokea hata moja.

"Subhanallah," Hiza akanong'ona. "Mzee, ilikuwa imebanwa pumzi. Ilikuwa inapumulia kwenye viungo vyake."

Kila injini ina mahali pa kupumulia. Katika pikapu ile palikuwa bomba jembamba lililoshuka nyuma mpaka chini. Hiza akalala chali, akalifuata kwa vidole. Alipotoka uvunguni alikuwa ameshika gunzi la mahindi, limeloa oili na kuwa jeusi.

Akacheka kwa nguvu. "Tazama! Nani huyu aliyeliziba bomba la pumzi kwa gunzi? Alidhani hili ni dumu la mafuta ya taa?"

Shekiondo akalipokea lile gunzi. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Ni mimi," akasema.

Hiza akaacha kucheka.

"Siku ya msiba. Bomba lilikuwa linadondosha, kama linavyodondosha siku zote, tone moja moja. Wanawake walitaka kutandika majamvi pale uani. Nikaokota gunzi, nikaziba. Sikutaka kitu chochote kidondoke mbele ya watu."

Fundi akachukua kitambaa kisafi, akamfuta mzee wake poda usoni, naye Shekiondo akamwachia afanye.

Asubuhi iliyofuata Shekiondo aliendesha hadi ng'ambo ya mlima, akamleta mkwewe. Njia nzima walisema machache, kama ilivyo adabu ya watu wale. Mwanamume humwinamishia macho mama mkwe, wala hajiachii mbele yake kwa furaha wala kwa huzuni. Walipofika kaburini, Shekiondo alisimama kando, mbali kidogo, palipomstahili. Bibi aliinama akaugusa udongo, akamwita bintiye kwa jina la utotoni, jina ambalo Shekiondo hakuwahi kulisikia katika ndoa yote.

Shekiondo akapiga magoti pale pale alipokuwa. Akalia kwa sauti, mbele ya mkwewe, mbele ya majirani waliosimama njiani na ndoo zao.

Bibi hakugeuka. "Lia, baba," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu wa kulia naye."

Funzo: Si kila kinachovuja kimepasuka, vingine vimezibwa mahali pa kupumulia. Usimsifu mfiwa kwa kutolia. Ukimjua mmoja anayesifiwa hivyo, mpelekee hadithi hii, kisha nenda ukaketi naye.