Nyumba ya Senkoro Yenye Mdomo Wazi

Kisa kinabisha hodi!

Mbona kimya? Nikisema kisa kinabisha hodi, ninyi mnaitikia: kiiname kiingie! Haya tena. Kisa kinabisha hodi!

Kiiname kiingie!

Naam. We Mzuni, sogea hapa karibu, na uache kumfinya mwenzio. Asubuhi nimekusikia ukinung'unika chumbani kwa mama yako. "Jua lote hili, na bado wanaweka kigae cha makaa chini ya kitanda cha mtoto! Bibi ana wazimu." Ulidhani sisikii? Masikio yangu mazima, mtoto wewe, kilichoharibika ni magoti. Sijakasirika. Haya, nimekasirika kidogo. Lakini umeuliza, na hilo ulilouliza lina kisa chake, na kisa chenyewe si kizuri. Anayetaka cha sungura na fisi akamtafute bibi mwingine.

Hapo kale, kale ya kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, watu wetu walikaa huku huku bondeni. Jua lilikuwa hili hili. Na katika bonde zima palikuwa na fundi mmoja tu wa kuitwa fundi, jina lake Senkoro. Huyo alikuwa akijenga, nyumba inapendeza hata ng'ombe wanasimama kuitazama. Kuta za fito, udongo mwembamba, paa la nyasi lililochongoka. Na pale juu, ukuta unapokutana na paa, aliacha nafasi wazi ya shubiri mbili kuzunguka nyumba nzima. Nafasi ile waliiita mdomo wa nyumba. Upepo uliingia huku, ukatoka kule, na aliyelala ndani akalala kama yuko kivulini.

Senkoro alikuwa na neno lake. Kila akimaliza nyumba hupiga ukuta kofi na kusema, "Nyumba ivute pumzi! Nyumba isiyovuta pumzi ni kaburi."

Watu wa bonde waliishi kwa jua lao. Jogoo wa kwanza, wako shambani. Jua likifika utosini, wote wamejilaza. Jioni wanaoga maji baridi, wanapika nje, wanakula nje. Moto haukuingia ndani ya nyumba hata siku moja. Ulikuwa mwiko. Nyasi kavu zile, cheche moja tu, kijiji kwisha! Basi wazee wakaukataza moto ndani, isipokuwa kwa jambo moja. Mtu akifa, moto uliwashwa ndani, kichwani pake, ili asilale gizani mpaka azikwe. Kwa hiyo mtu wa bondeni akiona moshi unatoka katika mdomo wa nyumba, hakuuliza. Alivua viatu na kwenda kulia.

Lishikeni hilo. Nimesema lishikeni, msije mkaniuliza baadaye.

Ikaja njaa. Mvua ikakataa. Mwaka wa kwanza ikakataa, wa pili ikakataa, wa tatu mto ukawa njia ya mchanga. Senkoro alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja tu, binti aitwaye Nakijwa, alikuwa na mimba ya kwanza. Mume wa Nakijwa, Mbonea, akasema, "Baba mkwe, mchukue mke wangu mpande mlimani kwenye maji. Mimi nabaki na ng'ombe waliosalia kwenye dimbwi la mwisho. Nikiwauza au wakifa, nakuja."

"Baki salama na ng'ombe wako, baba," akasema Senkoro. "Mkeo yuko nyumbani kwangu. Na nyumba yangu unaijua."

Wakapanda. Wakapanda na familia saba nyingine, wakapanda siku tatu, miguu ikavimba, baridi ikaanza kuwauma masikio. Siku ya tatu ukungu ukafunguka, wakakiona kijiji cha watu wa mlimani. Nyumba za mviringo, nyasi za paa zimeshuka mpaka chini kabisa, mlango mdogo hata mbuzi anainama. Na kila nyumba, kila nyumba, ilikuwa inafuka moshi.

Loo! Akina mama wakajitupa chini. "Yarabi, kijiji kizima kina msiba! Wamekufa wote hawa!" Wakaangua kilio. Watu wa mlimani wakatoka mbio na bakuli za maharage mikononi, wanashangaa wageni wanamlilia nani.

Chekeni. Mimi nami nilicheka nilipohadithiwa, nikiwa mdogo kama ninyi. Chekeni sasa hivi, maana mbele hakuna cha kucheka.

Mwenyeji wao alikuwa mwanamke mzee, Bibi Nanzia. Akawaingiza kwake. Ndani giza, moshi, mbuzi upande huu, kitanda cha fito upande ule, na katikati mafiga matatu yenye moto. Akasema, "Moto huu aliuwasha mama wa mkwe wangu. Haujazimika tangu hapo. Huku kwetu moto ukizimika ndani, tunakwenda kumpa mwenye nyumba pole."

Senkoro hakukaa. Alitoka nje akikohoa, macho yanamtoka machozi. "Watu wanalala na mbuzi," akasema. "Hapana. Mimi ni fundi. Nitajenga."

Akajenga, akajenga, akajenga. Akawajengea watu wake nyumba, zikafika nane pamoja na ya kwake, ya mwisho, nzuri kuliko zote. Kuta nyembamba, paa lililochongoka, na mdomo wazi wa shubiri mbili. Bibi Nanzia akaja na fimbo yake, akaitazama huku na huku.

"Fundi, hodi."

"Karibu, dada."

"Kazi yako safi. Sasa uzibe pale juu, ushushe nyasi, na moto uingie ndani kabla mwezi wa baridi haujaingia."

"Nyumba ivute pumzi, dada. Nyumba isiyovuta pumzi ni kaburi."

"Huku huvuta ukungu, kaka yangu. Ukienda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho."

"Na sisi tunasema mwacha mila ni mtumwa," akajibu Senkoro. "Moto ndani kwetu huwashiwa maiti. Unataka niite kifo kwa mkono wangu, na binti yangu ana mimba?"

Bibi Nanzia akaishika fimbo yake. Akaondoka.

Basi wakaishi mlimani kwa jua la bondeni. Jogoo wa kwanza wako shambani, ukungu umewalowesha mpaka mifupani, wenyeji bado wamejifunika. Jua likifika utosini, saa ile moja tu ya joto, wenyeji wanatoka kulima na kuogesha watoto, na watu wetu ndio wanaingia ndani kulala kivulini! Jioni, baridi inachuna ngozi, wao wanaoga maji ya mto. Hakuna aliyewalazimisha. Ndivyo mama zao walivyofanya.

Nakijwa akajifungua mtoto wa kike. Mzima, analia kwa nguvu, nywele tele. Senkoro alimpakata siku nzima, hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Mzee yule akawa anaimba, na sauti yake, wanasema, ilikuwa mbaya kama ya kunguru. Msidhani hakumpenda. Alimpenda kuliko macho yake, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma, kwa sababu angekuwa mkatili ningemlaani yakaisha.

Kwa mila yetu mtoto hapewi jina mpaka siku arobaini. Na kabla ya jina, halali chini ya paa la mtu mwingine.

Siku ya kumi na mbili mwezi wa baridi ukaingia. Ukungu ukapita katika mdomo wa nyumba, ukakaa ndani kama mwenyeji. Nguo hazikauki. Mtoto akaanza kukohoa. Siku ya kumi na tano akakataa ziwa la kushoto, siku ya kumi na sita akakataa yote mawili.

"Baba," akasema Nakijwa, "mtoto ni wa baridi. Mguse miguu."

"Mfunike na shuka langu."

"Nimemfunika na lako na langu na la jirani. Baba, naomba moto. Kidogo tu. Kigae kimoja cha makaa."

"Nakijwa, unajua unachoomba?"

"Najua."

"Hujui. Ukiwasha moto huo, umekwisha mlaza mtoto wako. Utaniambia nini siku hiyo? Mwanangu, vumilia, jua litatoka."

Jua halikutoka. Asubuhi ya siku ya kumi na nane Nakijwa alimbeba mtoto akaenda kwa Bibi Nanzia, hakumuaga mtu. Bibi akampokea, akamweka karibu na mafiga, akamsugua kifua kwa mafuta ya mbuzi. Mchana kutwa. Na jioni, watoto, jioni mtoto alinyonya. Alinyonya, akacheua, akalala na jasho puani. Nakijwa akalia kwa furaha.

Mara Senkoro yuko mlangoni. Mlango ule wa kuinama, na yeye hakuinama. Alisimama nje, akaita.

"Nakijwa! Mtoto hana jina bado. Mtoe."

"Baba, amenyonya."

"Nimejenga nyumba nane hapa. Mjukuu wangu mwenyewe anaombewa hifadhi kwenye zizi la mbuzi? Watu wanasema nini?"

Bibi Nanzia akatoa kichwa. "Fundi, mwache hata siku tatu tu. Nakupigia magoti, mimi mtu mzima."

"Dada, nakuheshimu. Lakini huyu ni damu yangu. Nakijwa, mimi ni baba yako. Nisikilize."

Na Nakijwa akamsikiliza. Mnataka nifanyeje? Mnataka nibadilishe? Siku ile binti hakumkatalia baba yake. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Alfajiri ya siku ya kumi na tisa jogoo wa kwanza aliwika, Nakijwa akanyoosha mkono, na mtoto alikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Hakupiga yowe. Alikaa. Senkoro akaamka, akamwona alivyokaa, akajua. Akatoka nje. Alizunguka nyumba yake mara moja, mara mbili, mara tatu, akiupapasa ukuta kwa kiganja. Kisha akaenda kwa Bibi Nanzia. Safari hii aliinama, akaingia.

"Dada," akasema, "nipe moto."

Bibi hakuuliza wa nini.

Akarudi na makaa katika kigae, mikono inaungua, hasikii. Akakusanya mawe matatu, akakoka moto ndani, kichwani pa mtoto, kama mila inavyotaka. Kuni zikashika. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ikapata joto. Nguo zikaanza kukauka kwenye kamba. Mtoto amelala pale, mwanga wa moto usoni, mashavu yanaonekana mekundu kama amepona.

Nakijwa akanyoosha viganja vyake kwenye moto. Akasema, "Baba, sasa kuna joto."

Neno hilo tu. Na mpaka anakufa Senkoro, binti yake hakumwambia jingine.

Mchana wa siku hiyo hiyo, Mbonea akafika. Ng'ombe wamekufa wote, amepanda mlima na kibuyu cha maziwa ya mwisho kwa ajili ya mtoto ambaye hajamwona. Ukungu ukafunguka, akaona kijiji kizima kinafuka moshi. Njiani akakutana na Bibi Nanzia anateka maji.

"Shikamoo, bibi. Kuna msiba gani huku, nyumba zote zina moshi?"

"Marahaba, mwanangu. Usiogope moshi. Huku ni desturi yetu, tunaota moto."

Mbonea akacheka kwa ahueni, akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Alhamdulillahi. Nilidhani mmekwisha! Na ile nyumba ndefu pale, yenye mdomo wazi juu, moshi unatoka pande zote, bila shaka ni ya mkwe wangu. Afadhali, hata mzee amejifunza ya wenyeji."

Bibi Nanzia akakibeba yeye kile kibuyu, akatangulia mbele.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi methali hiyo siipendi. Kwa wengine ni maneno ya kusemea watoto, kwa Senkoro mjukuu alikuwa amelala mbele ya moto, hana jina.

Mvua iliporudi, walishuka bondeni. Nakijwa akazaa wengine, na kwao tumetoka sisi. Lakini kila alipojifungua, alimwekea mtoto makaa chini ya kitanda, huku huku kwenye jua hili. Watoto wakatoka vipele, wakalia kwa joto, mmoja akazimia. Nani angemwambia kitu? Na binti yake akafanya, na mjukuu wake akafanya, hivyo hivyo mpaka mimi nikafanya kwa watoto wangu saba. Najua ni upumbavu, Mzuni. Naujua miaka yote hii. Senkoro alipeleka bonde mlimani, na sisi tumeleta mlima bondeni, na wote tulidhani tunawapenda watoto.

Basi shikeni hili. Ukifika mahali, kabla hujachimba shimo la nguzo, waulize wenyeji upepo wao na jua lao. Na mila ukiiona inamkatalia mtoto kile anachotetemekea, muulize aliyeiweka aliiweka wapi, na siku hiyo kulikuwa na hali gani.

Mnasikia? Kitoto kinalia huko ndani. Kinalia kwa joto.

Mzuni, mjukuu wangu, nenda kakitoe kile kigae. Nenda wewe. Mimi nimejaribu tangu asubuhi, mkono wangu hauendi.

Kisa kimeinama, kimetoka. Semeni: kipite, na kisituachie baridi yake.

Kipite, na kisituachie baridi yake!