Aliyekuwa Njiani

"Maua hurudi, aliyekualika harudi." Wajukuu waliusikia msemo huo sokoni, wakamwendea babu yao, Mzee Tokujiro, wakitaka kujua umetoka wapi. Mzee akajimiminia chai kwanza, maana hakupenda kuharakishwa, kisha akawaeleza kuwa asili yake ni hii.

Kaskazini mwa Japani kuna mji wenye ngome ya kale juu ya kilima, na nyuma yake maporomoko ya maji. Watu hutoka mbali kuja kuvitazama. Sayo alikuwa na nyumba ya wageni chini ya kilima hicho, na kwa kuelekeza watu hakuwa na mshindani: piteni lango la mawe, maporomoko yaoneni asubuhi. Ungemsikia ungedhani analala hukohuko. Kumbe tangu aolewe hajapanda hata siku moja.

Micheri ya ngomeni, ile miti ya maua, ilipochanua, mumewe Heikichi alimwalika. Desturi ya huko, mtu hutangulia kutandika mkeka chini ya mti ili ashike nafasi, watu wake wamfuate na chakula.

"Leo njoo, mke wangu."

"Nyumba imejaa, baba. Ngome haina miguu. Tutakwenda mwakani."

Heikichi alicheka, akaenda na mkeka wake. Ikawa hivyo mwaka hata mwaka. Msimhukumu Sayo, yeye alimpenda sana mumewe, ila kazi ilikuwa imemfunga.

Msimu mmoja wa baridi Heikichi aliugua kifua, akafariki. Maua yalipochanua tena, Sayo alifunga nyumba, wageni wakabisha hodi hadi wakachoka. Akapanda ngomeni. Chini ya mcheri mkubwa watu walikuwa wamebanana, lakini katikati yao palikuwa na nafasi tupu. Akaomba kukaa.

"Samahani, mama," mzee mmoja akamwambia, "hapo pana mwenyewe. Kuna bwana hutandika hapo kila mwaka, yeye na mkewe."

"Huyo mkewe mmewahi kumwona?"

"Bado. Bwana hutuambia yuko njiani. Jua likizama hukunja mkeka, anasema labda kesho."

Sayo akasogea karibu.

"Ndiye mimi," akasema. "Nimefika."

Wakampisha. Alikaa pembeni mwa ile nafasi, kwingine akakuacha wazi. Maua yalikuwa mazuri kupita yote aliyowahi kuwasimulia wageni, na aliyetamani kumwambia hivyo hakuwapo. Alilia bila kujificha. Jirani mmoja, kwa kumtuliza, akamwambia asihuzunike, mwakani yatachanua tena.

"Najua," Sayo akajibu. "Maua hurudi, aliyekualika harudi."