Pikapu ya Malimi na Pamba ya Mkwewe

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Maana yake ni kwamba mtu anayefunika ubaya wake kwa sababu ya aibu, badala ya kuutafutia dawa, ipo siku ubaya huo utajitangaza wenyewe mbele ya watu, tena kwa sauti kubwa kuliko ambayo yeye angeitumia. Maradhi yenyewe si lazima yawe ya mwili. Hata gari huugua. Hata pamba huugua, ingawa ugonjwa wa pamba mara nyingi huletwa na mwenye pamba.

Katika kijiji cha Sapiwi, nje ya mji wa Bariadi, aliishi kijana mmoja aliyeitwa Malimi pamoja na mkewe Milembe. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua pamba. Malori ya ushirika yaliyozoea kuzoa pamba vijijini yalikoma kuja, na mkulima akaambiwa kwamba sasa yuko huru. Uhuru wenyewe ulikuwa huu: uibebe pamba yako mpaka Bariadi kwa mnunuzi mwenye bei nzuri, au umpe kwa bei ya kutupa yule anayekufuata mlangoni na mzani wake wenye usingizi. Malimi alipotafakari hayo, aliona kwamba mwenye gari ndiye atakayekula mnofu, na wengine watalamba mchuzi.

Basi akawachukua maksai wake wawili wa kulimia, akawapeleka Malampaka kwa mzee mmoja, wakabadilishana kwa gari dogo aina ya Pijo. Gari hilo lilikuwa limelala nyuma ya nyumba ya mzee huyo tangu zamani. Lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba kuku waliotagia ndani yake walitoka na mabawa mekundu. Vioo vyote vilikwisha kuvunjika. Injini, hata hivyo, ilikuwa hai. Ilikohoa, ikatema moshi, ikaunguruma.

Fundi Ngeleja wa Bariadi ndiye aliyeligeuza kuwa pikapu. Alikata paa la nyuma, akang'oa viti, akatandika mbao mahali pake, akachomelea kingo kwa vyuma vya mkokoteni uliovunjika. Mahali pa kioo cha mbele aliweka nondo ili wezi wasiingie kuiba betri. Nyuma ya kichwa cha dereva aliweka wavu. Milangoni, mahali pa vioo, alipigilia mabati, akaacha tundu la kuchungulia. Alipomaliza, akajifuta jasho na kumwambia mwenye gari maneno mazito.

"Sikiliza, ndugu yangu. Lori lina chesisi. Ukilivua bodi lote, bado litatembea uchi. Gari dogo kama hili halina mifupa hiyo. Bodi ndiyo mifupa yake. Lile paa ulilonituma nikate ndilo lililoshika mbele na nyuma zisiachane."

"Sasa umelifanyaje?" Malimi aliuliza.

"Nimelaza chuma chini, kila upande. Cha kulia ni kizima. Cha kushoto nimekiunga, maana ulicholeta hakikutosha. Beba kuku, beba viazi, beba hata mchungaji na kwaya yake. Lakini pamba usijaze mpaka uniletee chuma kingine. Na ukiona ufa, simama hapohapo. Usiniletee mimi maiti nichomelee."

Malimi aliitikia kama mtu anayeitikia salamu.

Habari za maksai kugeuka gari zilivuka mto wa mchanga zikafika kwa mama mkwe wake, Bibi Kwandu, mjane aliyekuwa na shamba kubwa la pamba. Kwa desturi za Wasukuma, mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana sana. Hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, wala hawagusani. Kwa hiyo Bibi Kwandu alipofika Sapiwi hakumsemesha Malimi. Alimsemesha binti yake, ila kwa sauti iliyofika mpaka shamba la jirani.

"Milembe, mimi nilikuoza kwa mtu mwenye maksai. Sasa maksai wamekuwa bati. Haya, tutalitazama hilo bati. Siku litakapolala njiani, nakuja kukuchukua. Utarudi kulima na kaka zako, ambao ng'ombe wao bado wana mikia."

Malimi, akiwa nyuma ya ukuta, aliyasikia yote. Alimpenda Milembe kama mboni ya jicho lake, na alimjua mama mkwe wake. Bibi Kwandu hakuwa mtu wa kutishia nyau; alilosema, alilitenda.

Baada ya safari chache, ufa mwembamba kama unywele ulichomoza nyuma ya mlango wa kushoto. Kila siku ukawa unatambaa kwenda chini. Mlango nao ukawa haufungi mpaka uinuliwe kwanza. Malimi alijua dawa ilikuwa wapi. Lakini kulipeleka gari kwa Ngeleja ni kulilaza, na kulilaza ni kumwita mama mkwe. Akachukua kipande cha sabuni ya mche, akaushindilia ule ufa, kisha akapaka rangi ya kijani juu yake.

"Mbona umepaka mahali pamoja tu?" Milembe alimuuliza.

"Ni urembo."

"Urembo wa shavu moja?" Milembe akacheka, lakini Malimi hakucheka.

Mwisho wa msimu ukafika. Mawingu ya kwanza ya vuli yalikuwa yakijikusanya upande wa mashariki, na mnunuzi mwenye bei nzuri akatangaza kwamba atafunga mzani wake keshoye jioni. Bibi Kwandu alikuwa bado na pamba yake yote ndani. Akatuma ujumbe kwa binti yake: mkwe aje na hilo bati lake.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho, kabla pikapu haijafika, Bibi Kwandu alifunga mlango wa ghala akabaki ndani na ndoo. Alikuwa mama wa kanisa, anayekaa benchi la mbele na kuimba sauti ya kwanza. Lakini wanunuzi walizoea kuiba kwa mizani, na wakulima nao wakazoea kuwaibia kwa maji. Akamwaga maji katikati ya kila gunia, akatia na mchanga kidogo, kisha akafunika juu kwa pamba kavu, nyeupe kama maziwa. Akafunga magunia, akajifuta mikono, akamwomba Mungu awajalie safari njema.

Malimi aliposhika gunia la kwanza, mgongo wake ulimwambia ukweli ambao macho yake hayakuuona. Gunia lilikuwa zito kama lina mtu ndani. Akamtazama Milembe, Milembe akatazama pembeni. Angemuulizaje mama mkwe? Mkwe hamwambii mama mkwe wake kwamba pamba yake ina maji. Bora akate ulimi.

"Milembe," alisema kwa unyonge, "mwambie mama kwamba pamba ya mwaka huu imeshiba."

Milembe akamgeukia mama yake. "Mayu, anasema pamba imeshiba."

"Mwambie ni mbolea," alijibu Bibi Kwandu, macho yakiwa juu ya mti. Kisha akaona Malimi anainua mlango wa kushoto kwa goti ili ufunge. "Na muulize, huo mlango una nini?"

"Mwambie mama, mlango bado mgeni, haujazoea."

Hivyo ndivyo walivyoheshimiana. Kila mmoja alimpa mwenzake uongo uliooshwa ukatakata, na Milembe akawa mbebaji.

Magunia yalipakiwa mpaka springi zikalala. Milembe akamwomba mama yake aingie mbele.

"Niketi bega kwa bega na mkwe wangu? Si afadhali niliwe na fisi!" Bibi Kwandu akapanda juu ya magunia, akajifunika kanga kichwani, akaketi akiwapa mgongo. Naye hakuwa mwanamke mwembamba.

Pikapu iliondoka ikilia. Malimi alishika stelingi kwa mikono miwili, masikio yake yote yakiwa nyuma ya mlango wa kushoto. Kila walipopita shimo, alisikia sauti ndogo, kri, kri, kama panya anayetafuna kikapu. Milembe naye aliisikia.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mbao."

Walifika mtoni. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, kama ulivyokuwa tangu kiangazi kilipoanza. Mchungaji mmoja wa ng'ombe, Maganga, alikuwa akinywesha mifugo yake kwenye visima vilivyochimbwa mchangani. Mashariki kulikuwa kweusi kama chungu. Malimi akatazama kule kweusi, akatazama ng'ambo, akajua hapo ndipo pa kurudi. Lakini kurudi kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa imepakwa rangi. Akakanyaga mafuta.

Katikati ya mto, tairi za mbele zilizama, za nyuma zikasukuma, na mzigo wote ukaegemea kiunoni mwa gari. Kaa! Mlio ulikuwa kama mti unaopasuliwa na radi. Pikapu ikapinda mgongo, tumbo likalala mchangani, pua na mkia vikainuka. Injini ikazima.

Malimi alisukuma mlango wake. Haukwenda. Milembe akapiga wa kwake kwa bega. Nao haukwenda. Gari lilikuwa limekunjika, likaibana milango yote miwili kama mtu aliyeuma meno. Mbele kulikuwa na nondo, nyuma wavu, pembeni mabati. Ndipo waliposikia Maganga anapiga kelele huku akiwaswaga ng'ombe wake kupanda ukingo.

"Maji! Maji yanakuja! Tokeni mtoni!"

Kutoka mashariki ilisikika ngurumo isiyokatika. Ulimi wa maji ya tope, umebeba povu na matawi, ulikuwa ukilamba mchanga kwenye kona ya mto.

"Mayu!" Milembe alilia. "Milango haifunguki! Tumefungiwa!"

Bibi Kwandu aliruka chini, akauvuta mlango mpaka kitasa kikabaki mkononi mwake. Kwa mara ya kwanza Malimi alisogeza uso wake kwenye tundu la bati, ana kwa ana na mama mkwe wake, akasema bila mpeleka maneno:

"Mayu, shusha mzigo! Ukipungua, mgongo utanyooka kidogo, mlango utaachia!"

"Mgongo umevunjikaje? Mlisema mlango ni mgeni tu!"

"Lilikuwa na ufa! Nilijua. Niliupaka rangi. Shusha, mayu!"

Bibi Kwandu akalishika gunia la juu, akavuta. Halikutikisika. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Maji yalikuwa yamefika kwenye tairi. Akaupiga mzigo ngumi, kisha akasema maneno ambayo hakuna mnunuzi angeyatoa kinywani mwake hata kwa fimbo.

"Siwezi! Yana maji! Niliyajaza maji na mchanga mimi mwenyewe!"

"Basi yapasue!" Malimi alipiga kelele. "Mwaga!"

Mwanamke yule akang'oa kipande cha chuma kilichokuwa kimechanika ubavuni mwa gari, akachana gunia la kwanza, akaingiza mikono yote miwili. Pamba yake, jasho lake la mwaka mzima, akaitupa mtoni. Akachana la pili, na lililofuata, akimwaga huku analia na kumwita Mungu kwa sauti ya kwanza. Maji yalimfika magotini. Ndani, Milembe alikuwa amesimama juu ya kiti, na Malimi alikuwa akipiga mlango kwa miguu.

Gari likaguna. Likanyanyuka kiunoni kwa upana wa kidole. Mlango wa kushoto ukaachia.

Bibi Kwandu alimvuta binti yake kwanza. Kisha akanyoosha mkono tena, akamshika mkwe wake kiganja kwa kiganja, jambo ambalo ukoo wake haukuwahi kuliona, akamtoa kama anavyotolewa ndama. Walishikana wote watatu, wakaburuzana mpaka ukingoni, wakaanguka kwenye majani. Nyuma yao maji yalilipiga gari, yakalimalizia pale ulipokuwa ufa. Nusu ya nyuma ikaondoka na magunia. Nusu ya mbele ikabaki imekaa mchangani, kinywa wazi.

Watu walikuja kutoka pande zote. Maganga akaokota bonge la pamba lililonasa kwenye miiba, akalikamua. Maji yakatoka, na mchanga ukamjaa kiganjani.

"Pamba hii ililia kabla ya mwenyewe," akasema.

Jioni maji yalipopungua, Ngeleja naye aliletwa kutazama. Akapitisha kidole pale chuma kilipokatika. Kulikuwa na kutu ya siku nyingi, sabuni, na juu yake rangi ya kijani. Alimtazama Malimi tu, akajifuta kidole kwenye suruali.

Hakukuwa na mahali pa kujificha tena. Bibi Kwandu, kanga imekwenda na maji, alijikaza akasimama.

"Nilisema bati likilala njiani nitamchukua binti yangu," alianza, ingawa sauti yake haikuwa na meno.

Malimi aliinamisha kichwa, akisubiri. Lakini aliyejibu alikuwa Milembe.

"Nikafanye nini kwako, mayu? Nikabebe ndoo? Huyu alikuogopa wewe, wewe ukamwonea yeye aibu, na mimi ndiye niliyefungiwa ndani." Akawageukia wote wawili. "Mimi nakwenda nyumbani kwangu Sapiwi, kwa mume asiye na ng'ombe wala gari. Tutalima kwa jembe la mkono. Na kuanzia leo, mwenye ugonjwa wake auseme mwenyewe. Mimi sibebi tena."

Akaanza kutembea. Malimi akamfuata nyuma. Bibi Kwandu alibaki ukingoni, watu wakimtazama, mpaka nguo zake zikamkaukia mwilini. Kisha akakusanya pamba kidogo iliyonasa kwenye miiba, akaanza kuianika mbele ya macho ya wote, akiukung'uta mchanga wake mwenyewe. Mmoja alificha ufa na mwingine akaficha maji, na mto mmoja ukawatangaza wote wawili kijiji kizima kikisikia: ama kweli, mficha maradhi, kilio humfichua.